Undugu wa Ndege Hausomwi kwa Kuhesabu

Mazungumzo yetu ya leo, hapa mkoani Ruvuma, ni juu ya ndege, lakini hatutazungumzia manyoya wala nyimbo zao. Tutazungumzia kitu kilichomo ndani ya seli zao, kisichoonekana kwa macho matupu, nacho ni kromosomu. Nina jambo moja tu la kusema, na nitalirudia kila tutakapofika njia panda: idadi ya kromosomu haituambii nani ni ndugu wa nani. Undugu husomeka katika mpangilio, yaani kipande kipi kimeungana na kipande kipi, na kiungo chenyewe kiko wapi. Nawaomba mlishike hilo, kisha tulipime kwa ushahidi, kwa maana neno halistahili kuaminiwa kwa sababu tu limesemwa redioni.

Tuanze na msingi. Kromosomu ni nini? Ni uzi mrefu wa vinasaba uliokunjwa na kukazwa, na juu ya uzi huo zimepangwa jeni, zile zinazoelekeza mwili ujengwe vipi. Kromosomu huenda kwa jozi, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Sisi binadamu tunazo 46, yaani jozi 23. Seli inapojiandaa kugawanyika, kromosomu hukazana zaidi, na mtaalamu akizitia rangi anaweza kuziona kwa hadubini. Sasa, aliyezoea kuziona za binadamu akizitazama za kuku hushangaa. Anaona chache kubwa, halafu anaona nyingi ndogo mno, vijitone tu vilivyotawanyika. Kuku ana 78 kwa jumla, na nyingi kati ya hizo ni hivyo vijitone. Wapo wanasayansi wa zamani waliotilia shaka kama vijitone hivyo ni kromosomu kamili. Ramani ya vinasaba vya kuku ilipochapishwa mwaka 2004 ikadhihirika kwamba kromosomu hizo ndogondogo zinabeba karibu robo tu ya uzi wote, lakini karibu nusu ya jeni zote. Kumbukeni jambo hilo, tutalihitaji baadaye.

Kipimo chetu cha kwanza tukifanyie uani. Nyumba nyingi hapa kwetu zina kuku, na baadhi zina kanga, na kanga mwitu wapo porini kuelekea mto Ruvuma. Ni jamaa wa karibu, wa kundi moja na kware, kwale na bata mzinga. Tukihesabu, kuku ana 78, na kanga naye huandikwa 78. Je, tuseme basi kwamba hakuna kilichobadilika kati yao tangu walipoachana? Mtu wa kuhesabu angesema hivyo na kwenda zake. Lakini mwaka 2002 watafiti wa Japani walitoa matokeo ya kazi ya kutazama viungo. Walichukua vipande vya kromosomu za kuku, wakavitia rangi inayong'aa, wakaviweka juu ya kromosomu za kanga. Kila kipande hushikamana na mwenzake anayefanana naye, popote alipo, na rangi huonyesha mahali. Walichokiona ni kwamba kromosomu ya 6 na ya 7, ambazo kwa kuku ni mbili mbalimbali, kwa kanga zimeungana zikawa moja, ya 5. Mkono mrefu, yaani upande mrefu wa kromosomu ya 4 ya kuku, kwa kanga umeshikana na ile ambayo kuku anaiita ya 9. Na kipande cha ile ya 8 ya kuku, kwa kanga kimegeuzwa, kichwa kikawa mkiani. Idadi inasema hakuna habari, viungo vinasimulia habari tatu.

Msidhani kuku ndiye asili na kanga ndiye aliyebadilika. Kuku naye ana kiungo chake. Kromosomu yake ya 4, ile kubwa, imetokana na mbili zilizoungana. Tunajuaje? Kwa bata mzinga vipande hivyo viwili vimekaa kila kimoja peke yake, naye ana 80. Tukiwauliza mashahidi walio mbali zaidi, wanakubaliana naye. Njiwa ana 80. Mbuni, ambaye ukoo wake uliachana na ukoo wa kuku zamani mno, ana 80 pia, na kwake vipande hivyo vimetengana vilevile. Mashahidi wengi wasiokaa pamoja wakitoa maelezo yaleyale, na mmoja akatoa tofauti, ni busara kusema huyo mmoja ndiye aliyebadilika. Kwa njia hiyo ya kulinganisha mashahidi, wataalamu wameweza kukadiria kwamba babu wa ndege wote wa leo alikuwa na takriban jozi 40, na ndege wengi mno, wakubwa kwa wadogo, bado wanazo karibu hivyohivyo. Mbuni ni mhafidhina hata upande wa jinsia. Kwa ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana, Z na W, na dume ana Z mbili, kwa hiyo yai la mama ndilo linaloamua kama atatoka jogoo au tetea. Kwa kuku ile W imenyauka, ni ndogo sana ikilinganishwa na Z. Kwa mbuni, Z na W bado zinakaribiana kwa ukubwa, ishara ya hali ya kale.

Sasa tutoke uani tuingie kwenye miombo. Hapa ndipo kusini yetu inapokuwa na utajiri ambao wengi hatuujui. Yupo hondohondo mweusi mwenye tumbo jeupe na pembe kubwa juu ya mdomo, yule wa misitu ya mashariki na kusini mwa Tanzania, mwenye sauti ya kilio inayosikika mbali. Huyo ana kromosomu 40 tu. Yupo pia ndege wa kijivu wa jamii ya kulukulu, mwenye kishungi kichwani na mkia mrefu, anayelalamika juu ya miti mikavu ya kusini mwa nchi yetu, Zambia na Msumbiji. Huyo ana karibu 140. Katika ndege waliokwisha kuhesabiwa duniani, hao wawili hutajwa kuwa ndio ncha mbili: mwenye chache kabisa na mwenye nyingi kabisa. Na wote wawili ni wa ukanda wetu huu.

Je, kulukulu ni kiumbe chenye vinasaba mara tatu na nusu ya hondohondo? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ndege wote wanakaribiana sana kwa urefu wa uzi wote ukiunganishwa. Unazunguka herufi bilioni moja na kidogo, mmoja akizidi kidogo na mwingine akipungua. Mahindi ya shamba moja unaweza kuyatia kwenye magunia makubwa machache, au ukayatia kwenye viroba vingi vidogo, na mahindi hayakuongezeka. Kwa hondohondo, vipande vingi vidogo viliungana kwa muda mrefu. Kwa kulukulu, vipande vikubwa vilikatika. Kwa hiyo, asiwepo wa kusema kwamba mwenye 140 ameendelea kuliko mwenye 40, wala kwamba mwenye 40 ni duni. Idadi haina cheo.

Tena, mfikirieni hudihudi, yule wa kishungi cha rangi ya kahawia na ncha nyeusi, anayefahamika kwa wengi kwa habari za Nabii Sulaiman. Wachunguzi wa vinasaba wamemweka hudihudi karibu sana na hondohondo, ni wa tawi moja, na hata mdomo wake mrefu uliopinda na tabia ya jike kutagia tunduni vinakubaliana na hilo. Sasa sikilizeni: hondohondo huyu ana 40, hudihudi ana 126. Jamaa wa tawi moja, mmoja ana zaidi ya mara tatu ya mwenzake! Kama idadi ingekuwa kipimo cha undugu, tungemtoa hudihudi kwa jamaa zake tukampeleka kwa kulukulu, na tungekosea vibaya. Uani tuliona idadi moja ikificha tofauti. Porini tunaona idadi mbalimbali zikificha undugu. Kuhesabu kunapotosha kote kuwili.

Jambo hilohilo liko angani juu yetu. Mwewe na kozi wote wawili wana midomo iliyopinda na makucha ya kukamata, na wote wawili wana kromosomu chache kuliko ndege wa kawaida: mwewe ana 66, kozi ana 50. Mtu angeweza kusema, haya, hawa wamerithi upungufu huo kwa babu mmoja. Lakini vinasaba vyenyewe vinaonyesha kwamba kozi yuko karibu zaidi na kasuku na ndege waimbao kuliko alivyo karibu na mwewe. Na viungo vinaunga mkono: vipande vilivyoungana kwa kozi si vilevile vilivyoungana kwa mwewe. Kila mmoja alifika kwenye uchache kwa njia yake. Hata kasuku wana viungo vyao wenyewe. Kati ya wale wadogo waitwao cherero, yupo mmoja wa kusini-magharibi mwa Afrika aliyechunguzwa, naye ana 48.

Nadhani wapo wasikilizaji waliokwisha kukunja uso, na wana haki. Pingamizi la kwanza ni zito. Mtu atauliza: kromosomu zikiungana kwa kifaranga mmoja, huyo atampata wapi mwenzake wa kuzaa naye? Si atakuwa tasa, na habari yake iishe hapohapo? Ni kweli kwamba muungano unaweza kupunguza uzazi. Ni kweli pia kwamba kuku na kanga wakizalishana, jambo ambalo limewahi kushuhudiwa, kinachotoka ni tasa. Lakini wale wameachana kwa mamilioni ya miaka na wanatofautiana kwa mambo mengi zaidi ya viungo vitatu. Kiungo kimoja peke yake si lazima kiue uzazi. Sisi wenyewe ni ushahidi. Katika kila watu elfu moja, mmoja hivi anatembea na kromosomu mbili zilizoungana, ana 45 badala ya 46, ni mzima wa afya, na wengi wao huzaa. Seli inapogawanyika, ile iliyoungana hujipanga sambamba na mbili zisizoungana, kazi ikaendelea, ingawa mara nyingine hukosea. Na sokwe wa Gombe na Mahale wana 48, sisi tuna 46, kwa sababu kromosomu yetu ya 2 ni muungano wa mbili ambazo sokwe bado anazo mbalimbali. Alama za ncha za zamani zimebaki katikati yake. Kiungo kikiwa hakina madhara makubwa, katika kundi dogo lililojitenga kinaweza kuenea kwa bahati tu, vizazi baada ya vizazi, mpaka kila mmoja akawa nacho.

Pingamizi la pili linaelekezwa moja kwa moja kwenye hoja yangu, na naliheshimu zaidi. Umesema viungo ndivyo vinavyosema kweli; je, kiungo kilekile hakiwezi kutokea mara mbili, mahali pawili? Kinaweza. Ule muungano wa kromosomu ya 4 niliousema kwa kuku, umeonekana pia kwa bata bukini mwitu wa Ulaya, ilhali jamaa wa karibu wa kuku, kama bata mzinga, hawana. Maana yake ulitokea mara mbili mbalimbali. Yako maeneo kwenye uzi yanayokatika na kuungana kwa urahisi kuliko mengine. Basi hoja imeanguka? Haijaanguka, imepata mpaka wake. Kiungo kimoja ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja anaweza kukosea. Viungo vitatu, vinne, pamoja na mpangilio wa jeni ndani ya kila kipande na herufi zenyewe za vinasaba, vikikubaliana, hapo tuna kesi. Idadi peke yake haifiki hata hatua ya kuitwa shahidi, kwa kuwa kuna njia nyingi mno za kufikia namba 66.

Sasa twende mbali zaidi katika wakati, na kwa kufanya hivyo tutabaki mkoani kwetu. Ndugu wa karibu kabisa wa ndege, kati ya wanyama walio hai leo, ni nani? Ni mamba. Mamba wa mito yetu ana kromosomu 32 tu, na hana vile vijitone. Kobe yuko mbali kidogo na ndege kuliko mamba alivyo, lakini katika jamii yake yumo kasa wa maji baridi mwenye gamba laini, ana 66, na vijitone anavyo. Kwa kuhesabu, kobe angekuwa ndugu wa kuku, na mamba mgeni. Mwaka 2018 timu ya Rebecca O'Connor na Darren Griffin wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, ilichapisha kazi iliyolinganisha mpangilio wa kromosomu za ndege, mijusi na kobe ili kukadiria hali ya babu yao. Hitimisho lao ni kwamba sehemu kubwa ya mpangilio tunaouita wa ndege, jozi 40 hivi zenye vijitone vingi, ilikuwa imekwisha kuwepo kabla ukoo wa kobe na wa ndege haujaachana, miaka milioni 255 hivi iliyopita. Mamba ndiye aliyeunganisha vipande vyake. Ndege walivitunza.

Na nani waliokuwa wakivibeba vipande hivyo katikati? Hapa ndipo Ruvuma inapoingia. Mwaka 1933 Rex Parrington wa Cambridge alichimbua mifupa katika bonde la mto Ruhuhu, huku kwetu upande unaoteremka kuelekea Ziwa Nyasa. Baadhi ya mifupa hiyo ilikaa makabatini karibu miaka 80 kabla haijatambuliwa vizuri na kupewa rasmi jina Nyasasaurus, mnyama ambaye huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, na kama si dinosaria kamili basi ni ndugu yao wa karibu sana. Kutoka matabaka hayohayo akatangazwa Asilisaurus mwaka 2010, na Teleocrater mwaka 2017, aliye miongoni mwa viumbe wa kale kabisa wa upande wa ndege baada ya kuachana na upande wa mamba. Wataalamu wengi wanayakadiria mawe hayo kuwa na miaka milioni 240 hivi. Tukizungumzia asili ya kuku, basi, baadhi ya mashahidi wa kale zaidi wametoka kwenye udongo wa mkoa huu.

Mtasema, na mtakuwa sahihi, kwamba mfupa uliogeuka jiwe hauna kromosomu ya kuhesabu. Nakubali. Hakuna aliyeziona kromosomu za Nyasasaurus. Tunachofanya ni kuwauliza walio hai. Kama kitu kinapatikana kwa kuku, kwa mbuni na kwa kasa, kikiwa na mpangilio uleule, ni vigumu sana kuamini kwamba kila mmoja alikizua peke yake. Ni rahisi zaidi kuamini kwamba kilipita kwa wote waliokuwa katikati, na hao wa Ruhuhu wamo. Hilo ni kadirio lenye sababu, na linaweza kurekebishwa mnyama mwingine akichunguzwa. Yupo pia msikilizaji atakayeuliza kama maneno haya yanamwondoa Muumba. Sioni hivyo. Swali la nani aliyeanzisha na swali la hatua zipi zilifuatana ni maswali mawili, na viungo vya kromosomu vinajibu hilo la pili tu. Aliyefungua mlango wa elimu hii ya urithi, Gregor Mendel, alikuwa mtawa na padri, na matokeo yake ya mwaka 1866 yalitokana na njegere alizozipanda kwenye bustani ya monasteri.

Limebaki swali la mfugaji: haya yananisaidia nini mimi na banda langu? Mnakumbuka niliwaomba mshike habari ya vijitone. Kromosomu ya 16 ya kuku ni mojawapo ya hivyo vijitone, ukiitafuta kwenye hadubini unaweza kuipita. Ndani yake kuna kundi la jeni za kinga, zile zinazosaidia mwili wa kuku kutambua vimelea vya maradhi na kupambana navyo. Kama dunia ingeendelea kuvidharau vijitone kwa udogo wao, utafiti wa kinga ya kuku ungetafuta mahali pasipo. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, watafiti wakishirikiana na wenzao wa Marekani wamewachunguza kuku wetu wa asili, wakiwemo kuchi, ching'wekwe na wale wa Morogoro, wakitafuta jeni zinazohusiana na uwezo wa kustahimili kideri. Kazi hiyo haiondoi chanjo. Mfugaji anayenisikiliza, chanja kuku wako kwa wakati kama unavyoelekezwa na mtaalamu wa mifugo. Lakini siku moja inaweza kumsaidia anayechagua jogoo wa mbegu.

Na hapa hoja yetu ya viungo inakuwa kazi ya mikono. Kuku amechunguzwa kuliko ndege karibu wote, kanga amechunguzwa kidogo. Mtafiti anayetaka kumfuga kanga vizuri zaidi atachukua alichokikuta kwa kuku na kukitafuta kwa kanga. Tuseme jeni anayoitaka iko kwenye kromosomu ya 7 ya kuku. Akienda kwa namba, ataifungua ya 7 ya kanga, na humo atakuta jeni ambazo kuku anaziweka kwenye ya 8, tena baadhi zikiwa zimegeuzwa. Akienda kwa viungo, ataifungua ya 5, ile iliyotokana na mbili, na ataanza kusoma upande uliotoka kwenye ya 7.